Likizo ya Pwani na Mtu wa Kansay

Vipeperushi vya kampuni za utalii hupenda kuifananisha pwani ya Waswahili na ile ya Mediterania: visiwa, miji ya mawe, vichochoro, na tanga jeupe jua linapotua. Kwa upande wa mandhari, mfano huo hauna ubaya. Ubaya wake ni kwamba unaichukua nusu ya Mediterania na kuiacha nusu yenye maana.

Mwaka 1936 serikali ya Ufaransa ilipitisha sheria ya kuwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo, ikafuatisha tiketi za treni za bei nafuu. Wafua vyuma na washona nguo ambao hawakuwahi kuiona bahari ya nchi yao wakaiona. Ugiriki hadi leo ina mpango wa serikali unaomchangia mfanyakazi gharama za malazi ya likizo, pamoja na nauli ya meli ya kwenda visiwani. Yaani pwani inayoigwa na wauza safari ina wenyewe wanaoizuru, na dola imeona ni wajibu wake kuwasaidia waizuru. Hilo haliandikwi katika vipeperushi.

Sasa msomaji na aitazame Kansay. Ni kata ya Wilaya ya Karatu, nchi ya Wairaqw, wakulima wa mahindi, maharage na mbaazi. Mji wa Karatu hauko mbali nayo, na katika mji huo hupita magari ya watalii wanaopanda Ngorongoro. Mtalii huyo ana ratiba yake: siku kadha za wanyama, kisha kiwanja kidogo cha ndege cha Manyara, kisha Unguja, akanyooshe miguu mchangani. Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, zote hazimo. Ratiba hiyo imeitenga nchi mafungu mawili, pori na ufukwe, kana kwamba hapana watu wala historia kati yake. Mtu wa Kansay ameachiwa vumbi la magari.

Na mtu huyo ana haki gani na pwani? Ana haki kubwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo mtoto wa Kiiraqw, ambaye lugha ya mamake ni ya jamii ya Kikushi na haina udugu wowote na Kibantu, hufundishwa hesabu na sayansi ya skuli ya msingi kwa maneno yaliyopikwa vichochoroni mwa Mji Mkongwe. Visiwani hujivunia sana kwamba lugha yao imefika mbali hivyo. Lakini mwenye kuibeba lugha hiyo hadi ukingo wa Bonde la Ufa akitaka kuja kuona ilikozaliwa, hakuna aliyemtandikia jamvi.

Jawabu la haraka ni kwamba hana uwezo. Jawabu hili ni la uvivu. Hapana anayedai kwamba mkulima wa mbaazi alale katika hoteli ya Nungwi inayotaja bei kwa dola. Lakini Kansay ina walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa nafaka, na vijana wenye mishahara ya hoteli zizo hizo za Karatu. Watu hawa husafiri. Hupanda basi kwenda harusini na mazikoni mwendo wa siku nzima, na nauli huipata. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Mtumishi wa umma hulipiwa nauli ya likizo, lakini nauli hiyo kwa kawaida huhesabiwa hadi kijijini kwake, kwani likizo ya Mtanzania imefahamika kuwa ni kurudi kwao, basi.

Safari yenyewe si muujiza. Kutoka Karatu hadi Arusha, kutoka Arusha hadi Tanga, ambako magofu ya Tongoni yako kusini kidogo ya mji. Kisha Pangani na nyumba zake zinazobomoka kando ya mto. Kisha Bagamoyo, makao ya utawala wa Kijerumani hadi mwaka 1891, na Kaole jirani yake. Kutoka Dar es Salaam kuna boti ya kwenda Unguja, au, kwa mwenye siku za kutosha, basi la kusini linalovuka Rufiji kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2003 hadi Kilwa Masoko, na hapo mashua huvusha abiria kwenda Kilwa Kisiwani, mji ulioufua sarafu zake wenyewe na uliomstaajabisha Ibn Battuta mwaka 1331. Mwalimu wa historia huwatajia wanafunzi wake Kilwa mwaka nenda mwaka rudi. Ni wangapi kati ya walimu hao walioushika ukuta wa Msikiti Mkuu kwa mkono wao?

Kweli, zipo skuli za bara ambazo huleta wanafunzi Unguja. Hushushwa bandarini asubuhi, hukimbizwa Forodhani na kwenye soko la zamani la watumwa, na jioni hurudishwa botini.

Liko na jawabu la pili, ambalo halisemwi hadharani, kwamba watu wa bara wakija kwa wingi wataharibu mila. Ajabu ya Musa! Mzungu aliyekatiza Darajani nusu uchi aghalabu huombwa kwa upole ajisitiri, na akiondoka huambiwa karibu tena. Mtu wa Karatu aliyevaa shati na suruali huulizwa amefuata nini.

Wenye kuamini kwamba mgeni wa dola peke yake anatosha kuuhifadhi mji wa kale na waiulize Venice. Mwaka 1951 mji wake wa kale ulikuwa na wakaazi wapatao 175,000. Leo hawafiki 50,000, na mwaka 2024 ulianza kutoza kiingilio wageni wa kutwa, mfano wa makumbusho. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hilo halikuizuia sehemu ya Beit al-Ajaib kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili.

Na Serikali haiwezi kusema kwamba jambo hili ni geni kwake. Katika lango la Ngorongoro raia hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo mno kuliko cha mgeni, kwa kuwa ilikubalika kwamba faru na simba ni mali yake. Basi na waeleze wahusika, wa bara na wa visiwani, kwa nini haki aliyo nayo mtu wa Kansay mbele ya faru haimfuati akifika pwani: kitanda cha bei ya shilingi Bagamoyo na Kilwa, kitabu cha mwongozo kilichoandikwa kwa Kiswahili, na nauli ya likizo inayokubali kwamba mwalimu anaweza, mwaka mmoja tu, asirudi kwao.