Lafudhi si maradhi
Na Rehema Mbwana

Steph McGovern alipokuwa akitangaza habari za biashara katika televisheni ya BBC, mtazamaji mmoja alimpelekea barua yenye pauni 20 ndani. Pesa hizo zilikuwa za kumsaidia kulipia tiba ya kurekebisha matamshi. McGovern ni mzaliwa wa Middlesbrough, mji wa viwanda kaskazini-mashariki mwa Uingereza, na anazungumza kama watu wa kwao. Huo ndio ugonjwa wenyewe.

Barua ile inaniudhi, hasa kwa kuwa waandishi wa barua za namna hiyo hujiona walinzi wa Kiingereza safi, ilhali historia haiwaungi mkono. Chukua neno “bath”. Mtu wa Leeds au Newcastle hulitamka kwa “a” fupi. Mwenzake wa London huivuta. Wengi hudhani wa kaskazini ndiye aliyeharibu. Kumbe irabu fupi ndiyo kongwe, na watu wa kusini ndio walioanza kuirefusha kati ya karne ya 17 na ya 18. Hata “r” nzito ya wakulima wa Somerset katika neno kama “farm” ilisikika London kwenyewe kabla watu wa huko hawajaiacha. Wamarekani wengi wanayo mpaka leo. Anachochekewa mtu wa shamba mara nyingi ni kile alichokitunza.

Lafudhi ya kusini ilipata hadhi kwa sababu ilikuwa ya wenye mali na madaraka, ikapitia shule za bweni za matajiri, kisha redioni. Mwaka 1941, katikati ya vita, BBC ilimpa Wilfred Pickles wa Halifax, Yorkshire, asome taarifa ya habari ya taifa. Sababu mojawapo ni kwamba Wajerumani wangepata taabu kumwiga. Pickles akasoma kwa sauti ya kwao, na usiku akawaaga watu wa kaskazini kwa “good neet” badala ya “good night”. Malalamiko yakamiminika. Wapo walioona kwamba habari zenyewe haziaminiki zikisomwa hivyo. Nchi iko vitani, na watu wanagombana na irabu!

Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza na binti wa muuza duka wa Grantham, alijifunza kuzungumza upya hadi lafudhi ya Lincolnshire ikapotea. Lakini mwaka 1983, akiwashambulia wapinzani bungeni, lilimponyoka “frit”, neno la kwao la kumwita mtu mwoga. Mafunzo ya miaka yote ile, na ghadhabu ya dakika moja ikamrudisha kwao. Sikubaliani na siasa zake, ila kwa hilo namhurumia.

Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa umri, jinsia, dini, rangi na mengineyo. Lafudhi haimo. Iingizwe. Mwajiri anayemkataa kijana wa Birmingham kwa sauti yake anamkataa kwa mtaa aliokulia.

Nasi Afrika Mashariki tuliurithi kwa mkoloni mzani huo wa kumpima mtu kwa matamshi yake. Mtoto akichanganya “r” na “l” darasani huchekwa na wenzake, pengine na mwalimu mwenyewe. Mwalimu asahihishe sarufi, ahakikishe mtoto anaeleweka, na kicheko hicho akikomeshe siku hiyo hiyo.