Nyanya Uani Mwetu

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwenye nyumba aliyejaaliwa ua mpana, jua la kutosha na maji ya kisima, humtuma mtoto sokoni kila siku kununua fungu la nyanya, ilhali ardhi yake mwenyewe, lau angeikirimu kwa samadi iliyooza, ingemtosheleza yeye na ahali yake. Wengi hukata tamaa kwa kuwa hupanda wakati wa masika, ambapo unyevu wa majani huleta maradhi ya bakajani na kuiharibu bustani. Bali wakati ulio bora katika pwani yetu ni kipupwe, mvua zinapopungua na joto kupoa. Miche na iachiwe nafasi ya sentimita 60, iegemezwe kwa miti, imwagiwe maji shinani wala si majanini, na isipandwe mahali palipotoka biringani au pilipili, kwani maradhi ya mnyauko, yanayoyashambulia yote hayo, hubaki udongoni. Basi, enyi wenye nyua, msingoje ihsani ya soko: sieni mbegu kitaluni mwezi wa Mei, mpate kula jasho lenu.