Barua ya Mvita kwa Papa wa Roma

Jioni za Mama Ngina wenyewe mwazijua. Jua likishapoa, watu wa Kibokoni na Kuze, wa Majengo na Makadara, huteremka Ras Serani na watoto wao. Huyu ana muhogo wa kukaanga uliotiwa ndimu na pilipili, yule ameshika dafu, na meli zapita karibu hata waweza kuyasoma majina yake. Mimi nilikuwa nimekaa na kijana wa ndugu yangu, kimya, macho yake yako kwenye simu. Mara akainua kichwa akaniuliza: "Ami, huyu Papa wa Roma, kuja kwake na kuondoka kwake, kwatuhusu nini sisi watu wa Mvita?"

Mtu wa pwani akisikia papa, la kwanza limjialo ni samaki, tena mkavu, wa kupikwa kwa nazi. Nilitaka kumjibu kwa mzaha huo huo. Lakini nikakumbuka kwamba si mbali na hapo tulipokaa yako mabaki ya kijingome cha Wareno, São José, nikaona mzaha hautoshi. Swali lile lina jibu, na sehemu ya jibu imejengwa kwa mawe ya matumbawe.

Tuanze na habari yenyewe. Papa Francis alifariki tarehe 21 Aprili 2025, na tarehe 8 Mei makadinali wakamchagua Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago, akajiita Leo wa 14. Dunia ilishika moja zaidi ya yote: kwamba ndiye Papa wa kwanza kutoka Marekani. Kwa sisi wa hapa lipo jambo lenye uzito kuliko hilo. Huyu ni Papa wa kwanza kutoka Shirika la watawa wa Mtakatifu Augustino, na aliliongoza shirika hilo tangu 2001 hadi 2013. Hao Waagustino Mvita yawajua. Walikuwa na nyumba yao hapa kisiwani miaka 400 na zaidi iliyopita, na mikononi mwa shirika lao ndimo alimolelewa Yusuf bin Hasan.

Kabla ya kumfikia Yusuf, yafaa tumjue Papa wa zama zile alikuwa mtu gani. Wengi wetu hudhani daima alikuwa kama tumwonavyo leo, mzee wa kanzu nyeupe aombaye amani dirishani. Sivyo. Kwa miaka zaidi ya 1,000 Papa alikuwa pia mfalme, mwenye ardhi, askari na kodi zake huko Italia, mpaka mwaka 1870 jeshi la Italia lilipoiteka Roma. Kile kinchi cha Vatikano cha leo kilipatikana kwa mkataba wa mwaka 1929. Tena kati ya 1378 na 1417 walikuwapo Mapapa wawili kwa wakati mmoja, mwishoni hata watatu, kila mmoja akidai kwamba kiti ni chake. Naye Alexander wa 6, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 15, alikuwa na watoto wake wa kuzaa wanaojulikana kwa majina, ingawa kanuni yao haikumruhusu mke. Hayo si ya kusengenya. Wakatoliki wenyewe huyaandika katika vitabu vyao.

Katika zama hizo waraka wa Papa ulikuwa na nguvu ya hati ya shamba. Mwaka 1452 Papa Nicholas wa 5 alimwandikia Afonso wa 5, mfalme wa Ureno, akampa ruhusa ya kuwashambulia Saraseni na wapagani, kuziteka nchi zao na kuwatia watu wake katika utumwa wa daima. Mwaka 1455 akautilia nguvu kwa waraka wa pili. Mwaka 1493 Alexander akachora mstari baharini kwa niaba ya Uhispania, na mwaka uliofuata wafalme wawili hao wakapatana Tordesillas: upande ule wako, upande huu wangu. Bahari yetu ikaangukia upande wa Mreno. Wakati huo hakuna Mreno hata mmoja aliyekuwa amefika Kilindini kwa jahazi lake.

Haki itendeke. Mwaka 1453 Waturuki chini ya Sultan Muhammad wa Pili waliiteka Konstantinopoli, na Ulaya yote ilikuwa katika hofu. Nyaraka zile ziliandikwa katikati ya vita ambavyo kila upande uliviona ni vya Mungu. Lakini Mvita haikuwa na ugomvi na Ureno. Mvita ilikuwa ikinunua nguo za Gujarat na kuuza pembe. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498. Miaka saba baadaye, Agosti 1505, Francisco de Almeida akaupora mji na kuutia moto. Na mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome kubwa mdomoni mwa bandari, wakaipa jina la Yesu, yaani Nabii Isa, alayhi salaam, ambaye sisi pia twamtukuza. Jina la mtume juu, mizinga chini. Wataalamu wa lugha husema neno letu gereza asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Sijui neno jingine lililosafiri safari ndefu kama hiyo. Naye Mwingereza, bila kukusudia, akalithibitisha, maana tangu 1895 hadi 1958 aliifanya ngome hiyo hiyo jela.

Sasa tumtazame Yusuf. Babake, Sultan Hasan bin Ahmad, alikuwa wa ukoo wa Malindi, waliokuwa rafiki wa Wareno kwa muda mrefu na waliopewa Mvita kwa urafiki huo. Urafiki haukumfaa. Alikosana na kapiteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko mwaka 1614 akauawa na watu waliokuwa wamelipwa na Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe hakuwa na miaka kumi. Naye akapelekwa Goa, kule kule kilikopelekwa kichwa cha babake, akatiwa mikononi mwa watawa wa Kiagustino. Wakamfunza, wakambatiza, wakampa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Akakua, akatumika katika jeshi la majini la Mreno, akaozwa mke Mkristo, Dona Isabel. Kisha akarudishwa Mvita kuwa mfalme.

Katika miaka hiyo ya kurudi kwake alifanya jambo ambalo wengi wetu hatujasimuliwa. Alimwandikia Papa Urban wa 8 barua ya utiifu. Ndiyo, barua ilitoka mji huu huu kwenda Roma, ikitoka kwa mfalme wa Waswahili, kumwambia Papa kwamba yeye ni mwanawe. Watu husema aliiandika kwa unafiki. Mimi nasema, kwanza mtazame aliyeiandika. Mtoto aliyelelewa na wale waliomuua babake, tena akalelewa kwa wema labda, na kwa mapenzi labda, ataandika nini? Huenda alikuwa mkweli siku ile alipotia saini. Mambo ya moyo yana njia nyingi.

Alipokalia kiti, raia wake wakamwona Mreno, nao Wareno wakamwona Mswahili. Inasimuliwa kuwa usiku alionekana kwenye kaburi la babake akisali kama sisi tusalivyo, habari zikamfikia kapiteni Pedro Leitão de Gamboa, naye akaazimia kumpeleka Goa ahukumiwe na mahakama ya Kanisa ya kuwachunguza walioasi dini. Yusuf hakungoja. Tarehe 15 Agosti 1631, siku Wakatoliki waadhimishapo Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapiteni kwa mkono wake. Waliobaki walikimbilia nyumba ya Waagustino. Baada ya siku chache nao wakauawa. Kwa jumla walikufa karibu watu 300. Mwaka uliofuata Wareno walikuja kumzingira wakashindwa, lakini yeye hakukaa. Alitwaa meli akawa mtu wa baharini, akiwawinda Wareno, mpaka akafa Jeddah mwaka 1638. Aliyepewa ngome baada yake, Francisco de Seixas de Cabreira, aliweka jiwe la maandishi juu ya lango la kujisifia, na jiwe hilo lipo hadi leo. Waweza kwenda kulitazama kesho.

Je, Roma ilifanya nini? Kanisa lilifanya uchunguzi Goa mwaka 1632. Mashahidi waliapishwa, majina yakaandikwa, ili wale waliouawa wahesabiwe kuwa wafia dini. Ushahidi huo upo, mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha kwa Kiingereza mwaka 1980. Mimi nimeusoma zaidi ya mara moja, na kila nikiusoma nalitafuta jambo moja: yule mtoto wa mwaka 1614. Kwa watu wa karatasi zile hadithi yaanza siku ya visu, tarehe 15 Agosti. Kwetu sisi yaanza na kichwa kilichosafirishwa kwa meli.

Hapo ndipo habari za juzi zinapokutana na za kale. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikano ilitoa tamko kuhusu nyaraka zile tatu, ya 1452, ya 1455 na ya 1493. Ilisema hazikuonyesha ipasavyo usawa wa heshima na haki za wenyeji, kwamba zilitumiwa na wakoloni kwa siasa zao, na kwamba Kanisa linayakataa mawazo yale. Tamko lilikuja baada ya wenyeji wa Kanada kumkabili Papa Francis alipowazuru Julai 2022. Walisema, wakasikizwa. Nawapongeza kwa dhati.

Lakini usome waraka wa 1452 wenyewe. Waliotajwa mbele ni Saraseni, jina ambalo Ulaya ya kale iliwaita Waislamu. Wapagani walifuata nyuma. Tamko la 2023 limewaelekea wenyeji walioporwa ardhi, hasa wa ng'ambo ya Atlantiki. Wale waliotajwa mwanzo hawakuambiwa lolote kwa jina lao. Kwa Waislamu, neno kubwa la Roma lilikuwa limetoka mapema zaidi, tarehe 28 Oktoba 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Lilikuwa neno la heshima, halijapata kusemwa kabla yake: kwamba Kanisa lawathamini Waislamu, wamwabuduo Mungu mmoja. Kisha likaomba pande zote mbili ziyasahau yaliyopita.

Kusahau! Mwenye kuomba hilo hajakaa Mji wa Kale. Atasahauje mtu ambaye kila akienda sokoni apita chini ya kuta zile? Na tazama: Roma iliyotuomba mwaka 1965 tusahau, mwaka 2023 yenyewe imekumbuka, na imekumbuka vizuri. Basi mlango uko wazi, na aliyekalia kiti sasa ni Mwagustino. Sidai fidia wala sitaki mtu apige magoti. Nataka lile daftari la 1632 lifunguliwe mbele, liongezwe kurasa za 1614.

Ila nasi tuna kurasa zetu. Nilipokuwa mtoto chuoni, Yusuf tulihadithiwa kama simba. Hatukuambiwa kwamba miongoni mwa wale 300 walikuwamo wanawake na watoto, na Waafrika wenzetu waliobatizwa, na wale watawa. Mwalimu aliyetuhadithia hayo ndiye huyo huyo aliyetufunza wosia wa Sayyidna Abubakar kwa jeshi lililokwenda Sham: wasiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee, na wawaache watawa waliojitenga kwa ibada zao. Mambo mawili haya nilikaa nayo miaka mingi, kila moja chumba chake, wala sikuyakutanisha. Nilikuwa mtu mzima nilipojiuliza: je, Abubakar angesimama mlangoni mwa nyumba ile ya Waagustino, angeingia na nani?

Swali hilo si la kale peke yake. Papa Francis alipokuja Nairobi Novemba 2015 alikutana na viongozi wa dini, akaitaja Westgate, akaitaja Mandera, akakitaja Chuo Kikuu cha Garissa ambapo Aprili mwaka ule waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi waliotengwa kwa dini zao. Waliofanya hayo walidai walilipa kisasi cha Waislamu. Kijana anayelelewa kwa hadithi isiyo na watoto ndani yake ataikubali kirahisi hadithi nyingine ya namna hiyo.

Nilimwambia kijana wangu yote haya, si kwa mpango kama nilivyoyapanga hapa. Adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia, tukanyanyuka. Njiani tukakutana na jirani yetu, Mkatoliki, mwalimu wa katekisimu ambaye kwa miaka mingi tumekuwa tukipelekeana vyakula vya sikukuu. Kijana hakuweza kujizuia, akamuuliza kama awajua wafia dini wa Mombasa. Akasema awajua, na kwamba kila Agosti huwaombea. Nikamuuliza, na babake Yusuf je? Akanyamaza. Akasema hajapata kusikia kwamba Yusuf alikuwa na baba.

Akatoa kalamu mfukoni, na nyuma ya risiti ya duka nikamwandikia: Hasan bin Ahmad, 1614. Nami nikamuuliza kama ana majina ya wale Waafrika waliouawa siku zile, maana hao ni wetu pia. Akasema atayatafuta, aniletee.