Kachumbari kwanza, chai baadaye

Ukipita Litein, Kapkatet, Sotik au Bomet mjini siku ya soko, msomaji mpendwa, utaona mambo yale yale katika kila kibanda cha nyama choma. Nyama ikishatoka motoni hukatwakatwa juu ya ubao, ugali huwekwa kando, kisha pembeni hutiwa konzi moja ya kachumbari na chumvi kidogo. Walaji humaliza nyama, wakamaliza na ugali, lakini kachumbari aghalabu hubaki pale pale ubaoni kama pambo. Halafu huagizwa chai ya maziwa, tena iliyokolea majani. Hii ni nchi ya chai, na chakula bila chai ni kama hakijakwisha.

Leo nataka tuizungumzie hiyo kachumbari inayobaki, kwa sababu huenda ndiyo iliyohitajika zaidi mezani. Siku za nyama ni chache katika nyumba nyingi. Siku nyingine zote familia hula ugali kwa sukuma wiki, managu au mgagani, ile mboga ambayo Wakisii huiita chinsaga. Au hula githeri, au maharagwe kwa viazi. Vyakula hivi vina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Tatizo ni kwamba madini ya chuma yaliyo katika mboga na nafaka hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama.

Hapo ndipo chai inapoleta kasoro. Majani ya chai yana tanini, ile ile inayofanya ulimi ukauke ukinywa chai kali. Tanini ikikutana tumboni na madini ya chuma ya maharagwe au mboga, huyashika, na sehemu kubwa hutoka nje bila kuufaa mwili. Vitamini C hufanya kinyume: huyasaidia madini hayo kuingia. Na vitamini C ndiyo iliyomo ndani ya ndimu, pilipili hoho, kabichi mbichi na nyanya, yaani ndani ya kachumbari.

Usinielewe vibaya. Simwambii mtu wa Kericho aache chai, kwani chai ndiyo inayolipa karo ya watoto. Tangu makampuni ya Waingereza yalipoanza mashamba makubwa huko katika miaka ya 1920, na hasa wakulima wadogo walipoanza kupanda yao, zao hilo limelisha watu wengi. Ninachoomba ni kubadilisha zamu tu. Kula chakula chako na kachumbari, kisha ungoje kama saa moja ndipo unywe chai. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa mama mjamzito, kwa msichana aliyevunja ungo na kwa mtoto mdogo. Mama mwenye upungufu wa damu huingia katika hatari kubwa akivuja damu wakati wa kujifungua, na mtoto wa aina hiyo huchoka upesi na masomo humshinda.

Baadhi ya vijana wa mjini siku hizi hununua chupa za salsa katika maduka makubwa wakidhani wamepata kitu kigeni. Neno salsa kwa Kihispania ni mchuzi tu. Ile salsa mbichi ya Mexico ni nyanya, kitunguu, majani ya dania, pilipili na ndimu, na huliwa kwa mikate ya mahindi. Je, hiyo si kachumbari na ugali? Nyanya, pilipili na mahindi vyote asili yake ni bara la Amerika, na havikufika pwani yetu ila baada ya Wareno kuanza kuja, mwaka 1498. Jina la kachumbari nalo tumelipata kwa Wahindi. Basi tuzitazame aina zake moja moja, na chakula kinachoifaa kila aina.

KACHUMBARI YA KAWAIDA. Kwa watu sita chukua nyanya nne zilizoiva lakini ngumu, vitunguu viwili, pilipili hoho moja, fungu dogo la dania, ndimu mbili na chumvi. Kata vitunguu vyembamba, vifikiche kwa chumvi, vioshe mara moja na uvikamue ili ukali upungue. Ongeza nyanya, hoho na dania, kisha ukamulie ndimu. Apendaye pilipili kali atie yake kwenye sahani, watoto wasije wakalia. Hii ni ya nyama choma, mutura, pilau na ugali kwa managu. Ikate wakati chakula kinapakuliwa. Kachumbari iliyokatwa asubuhi ikaliwa usiku hutoa maji, na vitamini C yake hupungua.

KACHUMBARI YA KABICHI. Nyanya haipendi mvua ya kila siku, na mvua ndiyo sifa ya ukanda wa chai. Ugonjwa wa baka jani huiozesha shambani kabla haijaiva. Ndiyo maana bei yake hupanda ghafla, na mama wengi husema leo hakuna kachumbari. Lakini kabichi na karoti hustawi vizuri katika baridi ya Bomet. Kata kabichi nyembamba kama uzi, paruza karoti moja, tia chumvi, ndimu na kijiko cha sukari ukipenda, ufikiche kwa mkono mpaka ilainike. Hufaa samaki wa kukaanga kutoka Kisumu, chipsi, na zaidi ya yote maharagwe. Kabichi mbichi ina vitamini C zaidi ya nyanya, kwa hivyo hujapungukiwa na kitu.

KACHUMBARI YA PARACHICHI. Mparachichi, au mwavokado kama wengi wanavyouita, huota nyuma ya nyumba nyingi huko, na msimu wake ukifika matunda huanguka hata ng'ombe wakayala. Kata parachichi lililoiva vipande, changanya na kitunguu, nyanya moja na dania, kisha utie ndimu kwa wingi. Ndimu ina kazi mbili hapa: huzuia parachichi lisigeuke jeusi, na huongeza vitamini C, kwani parachichi lenyewe halina nyingi. Hii ndiyo rafiki wa githeri na wa viazi vya kuchemsha. Mwanafunzi aliyepanga chumba hahitaji hata jiko kuitengeneza.

CHATNE. Hii tumefundishwa na Wahindi, ambao wamekuwa na maduka katika miji ya huko kwa miaka mingi. Kericho ina hekalu kubwa la Masingasinga ambamo kila anayeingia hupewa chakula bure, nacho hakina nyama. Watu wanaokula dengu na maharagwe kila siku wanajua thamani ya kitu kichachu. Twanga dania, pilipili mbichi, kitunguu saumu, chumvi na maji ya ndimu, na chatne ya kijani iko tayari. Ya ukwaju hutengenezwa kwa kuroweka ukwaju katika maji moto, kuuchuja na kutia sukari na chumvi. Chatne huliwa kwa sambusa, bajia, viazi vya karai na mihogo ya kukaanga.

ACHARI. Ndimu au embe bichi hukatwa, hutiwa chumvi nyingi na pilipili, huanikwa juani siku kadhaa, kisha huhifadhiwa katika chupa kavu. Wapwani huila kwa wali na biriani. Kijiko kimoja kinatosha kwa sahani, kwa kuwa chumvi yake ni nyingi, na mwenye shinikizo la damu aiache.

ROJO LA NYANYA NA PILIPILI. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia nyanya na pilipili, funika mpaka zivurugike. Moto huondoa sehemu ya vitamini C, lakini rojo hili lina faida nyingine nitakayoitaja sasa hivi. Huliwa kwa chapati, mayai, wali na ndizi za kupika.

Sasa onyo, na ulizingatie. Kachumbari haipikwi, na kwa hivyo uchafu wowote uliomo hufika tumboni ukiwa hai. Kenya ilipata mlipuko wa kipindupindu mwaka 2017 na tena mwishoni mwa 2022. Osha mboga nzima kabla ya kuzikata, na uzioshe kwa maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Nawa mikono kwa sabuni. Usikatie kachumbari juu ya ubao uliokatiwa nyama mbichi, hata kama umeupangusa kwa kitambaa. Usidhani kwamba ndimu au pilipili itaua kila kijidudu, haiwezi. Kipindupindu kikitangazwa karibu nawe, acha mbichi kabisa, ule lile rojo likiwa moto, na vitamini C uitafute katika chungwa ulilolinawia mikono na kulimenya mwenyewe.

Kwa mama wa nyumba mwenye kubanwa na bajeti, ratiba ya wiki ni rahisi. Nyanya zikiwa rahisi sokoni, tengeneza ya kawaida. Zikipanda bei, geukia kabichi. Parachichi likiwa kwa msimu, usilinunulie kitu kingine cha kulishindania. Ndimu moja isikose jikoni, kwa sababu hata usipokuwa na kitu kingine, kuikamulia juu ya maharagwe ni kachumbari tosha.

Wageni wakija kutoka Kericho na kifurushi cha majani ya chai, wapokee kwa heshima na uyainjike majani hayo jinsi yanavyostahili. Lakini kwanza waandalie chakula, weka bakuli la kachumbari katikati ya meza mahali ambapo mkono wa kila mtu unafika, na uhakikishe limekwisha. Mkishamaliza kula, zungumzeni kidogo. Habari za nyumbani ni nyingi, na saa moja haitachelewa kupita. Hapo ndipo ulete chai.