Duka lilitaka kocha, sisi tukaleta ugomvi

Mwezi huu sina stori ya nani kamuacha nani. Nataka tuongelee mshiko, maana ndio ulionifanya nilale chumba cha wageni wiki nzima ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mliowahi kusafiri kutoka Dodoma kwenda Kondoa mnaijua Haneti. Wengine wanaijua kwa yale mawe yake ya kijani, krisoprasi, yanayotengenezwa vidani. Sisi tulifuata mafuta ya alizeti. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na magari yakipita, wateja nao wanapita. Mama mkwe ana nyumba pale, wifi yangu alikuwa hana kazi, mimi na mume wangu tuna ajira mjini. Tukaona huu ndio mchongo. Wifi auze, sisi tuje wikiendi kuhesabu hela.

Mwaka 2022 bei ya alizeti ilikuwa juu kweli kweli. Tukachukua mkopo wa kikundi, tukanunua magunia 100 kwa shilingi 65,000 kila moja. Tukakamua 40, yale 60 tukayafungia stoo tukisubiri bei ipande zaidi. Mwaka 2023 bei ikaanguka. Nyie, ilianguka! Mimi nikasema tuuze, mume wangu akasema tuvumilie. Kila tukikaa mezani tunagombana, na marejesho ya kikundi hayasubiri ndoa ya mtu ipoe.

Nikakimbilia semina ya ujasiriamali hotelini. Kiingilio 150,000. Tulipewa begi, kalamu, chakula cha mchana na cheti. Mwezeshaji alituambia tusimame, tupige makofi, tuseme "mimi ni tajiri". Nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Jioni nikarudi nyumbani, magunia yako palepale.

Aliyenisaidia ni mama mmoja aliyeuza mahindi soko la Kibaigwa miaka na miaka, rafiki wa marehemu mama yangu. Nilimpigia nikitaka tu kulia. Akasema, "Mwanangu, usinielezee kwa simu. Nitakuja nilione duka." Akaja Haneti, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana, kimya, anamtazama tu wifi akiuza. Mpaka nikaanza kuona aibu. Halafu akauliza swali moja: "Mashudu mnapeleka wapi?"

Mashudu? Mimi mtoto wa mjini nilijua ni takataka. Mwenye mashine tulimlipa hela ya kukamua na mashudu tukamwachia. Mama akachukua kijiti akaandika kwenye vumbi. Gunia letu lilitoa kama lita 16 za mafuta na kubakiza mashudu zaidi ya kilo 40, na wafugaji walikuwa wanayanunua shilingi 300 kwa kilo. Hiyo ni zaidi ya 12,000 kwa gunia. Kwa magunia 40 tulikuwa tumemgawia mtu 480,000 na kumwambia asante juu. Nikachoka!

Nikamwambia nimempata kocha wangu. Akacheka. "Kocha gani? Kamlete mumeo."

Hapa niwarudishe kidogo kwenye vitabu. Mwaka 2014 mtaa wa Dandora, Nairobi, watafiti waliwachukua wanawake vijana wenye biashara ndogo. Baadhi wakapelekwa darasani, wengine wakakutanishwa na mwanamke mzoefu anayefanya biashara hukohuko mtaani. Waliokwenda darasani faida yao haikubadilika sana. Waliopata mama wa kuwasimamia faida ilipanda kwa wastani wa kama asilimia 20, ila walipoacha kuonana naye ikaanza kushuka tena. Na hapa kwetu Dar es Salaam, mwaka 2008, watafiti wa Norwei waliwafuatilia wafanyabiashara wadogo waliofundishwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaume walifaidika kibiashara waziwazi, wanawake kidogo mno. Nilipoisoma hiyo sikushangaa. Unafundishwa kutenganisha hela ya duka na ya nyumba, unarudi nyumbani unakuta mtoto anaumwa na mwenzio anaomba "elfu ishirini tu, nitarudisha".

Sisemi msisome. SIDO wapo tangu mwaka 1973 na wana ofisi Dodoma, kajifunzeni kusindika na kufungasha. Ila darasa halijui kwamba mumeo ana funguo ya droo.

Basi bwana, mume wangu nilimleta kwa mbinde. Alinuna njia nzima kuanzia Mayamaya. Nilidhani Mama atamsema, kumbe akamvutia ndoo ya pili: "Baba, kaa hapa. Sikuja kuamua kesi." Akatupa daftari moja moja. Kila hela au mafuta utakayochukua dukani, andika, usimwonyeshe mwenzio mpaka nirudi.

Akarudi baada ya mwezi. Mimi nilikuwa na uhakika mwizi wa duka ninalala naye. Akasoma kwa sauti. Jumla iliyotoka ni 210,000. Ya mume wangu 80,000, vocha na bia na harusi ya mshkaji. Yangu 130,000. Dumu la shoga yangu wa ofisini, dumu la kitchen party, saluni, "nitarudisha". Mume wangu hakusema neno, na bora angesema.

Siku hiyohiyo tukakubaliana kuuza yale magunia 60. Gunia la 65,000 likaenda kwa 36,000. Hasara 1,740,000, sikuficha mtu na nanyi siwafichi. Mama hakurudisha bei, hakuna kocha anayeweza. Lakini deni la kikundi lilipungua, riba ikaacha kutukaba. Wifi akaanza kulipwa mshahara badala ya "zawadi", na sisi wawili tukajipangia kiasi tunachoruhusiwa kuchukua. Mume wangu alipinga sana hilo, "yaani nijilipe posho kwenye duka langu?" Alikubali pale tu Mama alipomwambia posho yake na yangu zitalingana.

Hela Mama alikataa. Tunampa nauli na dumu moja la lita 5, na tunaliandika. Anakuja tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jana usiku nimemkuta mume wangu sebuleni ananakili daftari lake upya kwa mwandiko mzuri, na nilipochungulia akalifunika kwa mkono.