Barua ya baraza la ndoa ina umri: jiandae kabla ya kuitwa

Mama mmoja alitupigia simu mwezi uliopita, kipindi kimeshakwisha na tunazima mitambo. Hakutaka sauti yake iende hewani. Alikuwa ametoka Mahakama ya Mwanzo, safari ndefu ya bodaboda, barua ya baraza mkononi, na karani amemwambia kwamba kwa barua ile shauri lake la talaka halipokelewi. Iliandikwa mwaka juzi. Aliihifadhi kwenye mfuko wa nailoni chini ya sanduku la nguo, akingoja mtoto wake amalize darasa la saba kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba barua ile ina umri. Na katika muda huo wa kungoja, nusu heka ya shamba waliyolima pamoja imeshauzwa.

Tunalizungumza leo kwa sababu msimu wa kuuza mazao umefika, na simu za ndoa zimeanza. Kila mwaka ni hivyo. Fedha ya mahindi au ufuta ikiingia ndani, ugomvi uliokuwa umelala unaamka.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema huwezi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapita kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati inayosema hivyo, na hati hiyo lazima iambatane na maombi yako ya talaka. Kifungu cha 106 kinaongeza sharti ambalo wengi hawalijui: hati iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Ikizidi hapo, unaanza upya. Si jambo dogo, kwani Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri yaliyopanda hadi juu kabisa kwa sababu tu hati ya baraza ilikuwa na kasoro. Miaka ya kupanda na kushuka mahakamani, halafu unarudishwa kwa wazee wa kata.

Sasa tuseme tunaloliona sisi. Watu wengi wanakwenda barazani kama wanaokwenda kushinda kesi. Wanatafuta shangazi mwenye maneno makali, wanaandaa mashahidi wa fumanizi, na siku ya siku ni kelele mpaka jioni. Baraza halivunji ndoa wala haligawi shamba. Kazi yake ni kuwasikiliza wote wawili na kujaribu kuwapatanisha, na wapo wanaopatana kweli. Lakini ikishindikana, kitakachobaki baada ya kelele ni karatasi. Jiandae kwa ajili ya karatasi hiyo.

Kwa nini? Kwa sababu sheria inaliruhusu baraza kuandika kwenye hati mapendekezo yake kuhusu matunzo, mgawanyo wa mali na malezi ya watoto. Mahakama haifungwi nayo, ila hakimu atayasoma. Wazee hawawezi kupendekeza juu ya kitu ambacho hawakuambiwa.

Kwa hiyo chukua daftari la mtoto, tena mapema, kabla hasira hazijapanda. Andika mali mliyochuma ndani ya ndoa, kila kitu na mwaka wake: shamba lilinunuliwa lini, nani alishuhudia mauziano, bati zilitokana na mauzo ya msimu gani, ng'ombe wangapi walikuja na wangapi wamezaliwa hapo nyumbani. Weka na akiba ya VICOBA na mauzo ya chama cha ushirika. Ujumbe wa fedha kwenye simu usiufute. Hati ya mauziano ikiwa na jina la mmoja tu, usikate tamaa. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi inayojulikana kama Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wanaoitaja kesi hiyo mara nyingi husahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake. Kanuni ilipita, lakini mgao alioudai hakuupata. Kusema "nimempikia miaka ishirini" ni haki yako, lakini ongeza na yale yanayoonekana.

Kwa watoto, andika nani analipa nini na wanasoma wapi. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, ila mahakama inaweza kuona vinginevyo kwa manufaa ya mtoto mwenyewe.

Mwenzako akiitwa na kukataa kuja kwa makusudi, sheria haikufungii mlango. Omba baraza liandike tarehe za kila wito. Vivyo hivyo kama amekutelekeza na hujui aliko. Na kama unapigwa, usisubiri kikao cha wazee. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kisha mambo ya talaka yafuate.

Waliooana Kiislamu wana mabaraza yao, yakiwemo ya BAKWATA. Hapo kuna mpangilio wa kuzingatia. Ili mahakama iitambue talaka iliyotolewa kidini kwa njia ya kifungu cha 107, baraza liwe limeshathibitisha kwanza kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Karatasi aliyoandika mume usiku kwa hasira, kabla ya baraza, haitoshi peke yake.

Siku ya kukabidhiwa hati, usiikunje na kuondoka. Isome palepale, au mpe mtu akusomee. Majina yenu yote mawili yapo? Tarehe ipo? Imesainiwa na kugongwa muhuri? Inasema wazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha, au inasema tu "wahusika waende mbele"? Neno hilo la mwisho limewarudisha wengi. Kama kuna kosa, omba lirekebishwe kabla wajumbe hawajatawanyika, halafu toa kopi. Msaidizi wa kisheria kwenye kata yako anaweza kuikagua pia, na huduma yake ni bure.

Yule mama alitupigia tena wiki hii. Mumewe ameitwa barazani Alhamisi. Orodha yake imejaza kurasa tatu, na anasema ukurasa wa nne ni wa ile nusu heka.