USAFI WA NYUMBA: Ukungu wa Bafuni

Mvua zetu za Katanga huanza yapata Novemba, nazo huendelea hata Machi. Katika miezi hiyo, hapa Kasomeno, ukuta wa bafu haupati kukauka. Kwanza huonekana madoa meusi pembeni, kisha harufu nzito, na mwisho mama wa nyumba huitwa mvivu. Lawama hiyo si ya haki.

Ukungu ni kitu chenye uhai, jamaa ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo mno, nazo huruka hewani kila mahali, hatuwezi kuzifukuza. Lakini pasipo unyevu haziwezi kuota. Ukuta ukikaa na maji siku moja au mbili, ukungu huanza. Ukikauka upesi, haupati nguvu. Basi dawa ya kwanza haiuzwi dukani: ni hewa na kitambaa kikavu. Kila aogaye, awe baba, mgeni au mtoto, asukume maji yatoke, apanguse ukuta, aache dirisha wazi. Si haki kumwachia binti mmoja kusugua Jumamosi ukuta ulioloweshwa na watu wanane juma zima.

Ukungu ukiwa umekwisha kuota, tusugue kwanza kwa sabuni na burashi, tusuuze, tukaushe. Kisha twaweza kupaka javeli, isizidi kikombe 1 katika lita 4 za maji, mlango ukiwa wazi. Lakini ukuta wa matofali matupu hunywa maji: javeli hung'arisha doa tu, na mizizi hubaki ndani. Ukuta huo yafaa kuukwangua, kuukausha, na kuupaka chokaa upya.

Tena angalieni sana! Wako wadhanio kwamba javeli na siki zikichanganywa zitakuwa na nguvu maradufu. Sivyo. Hutoa hewa ya klorini, sumu ile ile iliyotumiwa vitani Ypres, huko Ubelgiji, mwaka 1915. Katika chumba kidogo yaweza kuua. Wala msimwage javeli penye mkojo. Hapo pia hutoka hewa mbaya.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni lilionya kwamba unyevu na ukungu wa nyumbani huzidisha kikohozi na pumu. Wazazi, mtoto akikohoa usiku, msitazame kifua chake tu; tazameni na ukuta.